Mkusanya Simu Anamuandikia Arafa

Arafa wangu,

Umetoka sasa hivi na shangazi yako kwenda Mtoni kumuaga bibi, na mie nimekwambieni siwezi kufuatana nanyi, nna kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii. Nimekaa juu ya mkeka, nimeshika kalamu yako ya skuli, na mkono huu unaochora ua kwenye kiganja cha mtu huku nikisimulia kisa na kunywa chai, leo unakwama kwenye herufi. Skuli niliiwacha darasa la saba, na hata hilo la saba nilikuwa nikilikalia kama mgeni aliyekuja kuchukua ungo wake aondoke. Makosa ya kuandika utakayoyakuta humu yasahihishe kimya kimya, kama unavyosahihisha meseji zangu kwa wateja ukadhani sijui.

Sikuandikii ule, uswali, ufunge mlango. Hayo saa hizi unamwagiwa huko Mtoni kwa ndoo, na kesho asubuhi boti ikiondoka shangazi zako watakuwa bado wanayapigia kelele kutoka gatini. Mie nakuandikia jambo moja tu, nalo ni hii simu yako iliyopo hapa mbele yangu.

Jana baada ya Adhuhuri, Ami yako Haji alipokuja, weye ulikuwa chumbani unafunga sanduku. Najua ulisikia, kwa sababu zipu ilinyamaza.

"Shemegi," kasema, "mtoto anakwenda Tanga kusomea ukunga, miaka mizima, peke yake, simu mkononi. Umesahau yaliyopita?"

"Ntasahau vipi, na wewe unanikumbusha kila Idi?"

"Basi sikiliza. Ipo programu. Unaitia ndani ya simu yake, kila anachoandikiwa na kila anachoandika kinakuja kwako. Anapokwenda, unapaona. Ukiitia, nampeleka mwenyewe mpaka Tanga, namkabidhi kwa mkono wangu. Usipoitia, mie sipandi boti, na likitokea jambo asije mtu kunigongea mlango."

Ami yako si mtu mbaya. Tangu baba yako alipofariki, weye una miaka sita, hapana mtihani uliofanya asikuombee dua kabla yake. Ndiyo maana nilinyamaza, na mie kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni. Nawe ukatoka chumbani, ukaiweka simu juu ya mkeka, ukaandika namba ya siri kwenye kipande cha karatasi.

"Tia tu, Mama. Mie nataka niende."

Hukununa, hukulia. Sauti imenyooka kama uzi uliovutwa. Na sauti ile niliijua, mwanangu. Nilipata kuisikia ulipokuwa na miaka kumi na nne, na safari ile niliipita kama sikuisikia. Upande wako wa mambo yale unaujua mwenyewe. Upande wangu hujapata kuusikia, kwa sababu hadithi zangu zote mshindi huwa ni mie. Hii sikushinda.

Unguja hii, kuanzia mjini mpaka Mkokotoni, hapana nyumba ya harusi isiyomjua Kazija wa Kikwajuni. Nimechora maharusi Mombasa, nimechora Ngazija, nimeingia Maskati mara tatu, na mara ya tatu nilipokewa uwanja wa ndege na mtu kashika bango lenye jina langu, limekosewa lakini limo. Nikikuchora mie, hata mkwe asiyekupenda atakushika mkono autizame. Ila sifa yangu kubwa si hina. Ni mlango.

Nani asiyejua sherehe zetu za wanawake? Ukishaingia, baibui linavuliwa, nywele zimesukwa, mabega nje, bibi wa watu wa miaka sabini anacheza kama hana magoti. Ikitoka picha moja hapo, ni talaka, ni ugomvi, ni dada wa mtu kulia mwaka mzima. Kwa hiyo pawepo mtu mlangoni wa kukusanya simu, na mtu huyo ni mie. Nimezitoa simu vifuani, nimezitoa kwenye soksi, kwenye nepi ya mtoto mchanga, na siku moja Malindi nimeitoa ndani ya birika la chai, imefungwa mfuko wa nailoni, mwenyewe anaapa hajui imefikaje. Kila simu naifunga kitambaa chenye nambari, na nambari hiyo hiyo namwandikia mtu kwa hina kwenye ukucha wa kidole gumba asije akadai ya mwenzake. Hina ya ukuchani haitoki mpaka ukucha uote mwengine. Yupo mke wa mtu alitembea miezi na arubaini na saba gumbani, mumewe akidhani kaenda kwa mganga.

Na mlangoni pale mdomo wangu ulikuwa haulali. "Wanangu wa siku hizi! Mie Arafa wangu nikimkuta na upuuzi kwenye simu, simu naitia kinuni, kisha yeye anafuata!" Wanawake wanacheka, na mie nikiona watu wanacheka naengeza. Ulikuwa umekaa nyuma yangu kila Jumamosi, unasikia. Nilijiona nakujengea ukuta adui asipite. Kumbe ndani ya ukuta uliokuwepo ni weye tu, na pa kutokea sikukuwachia.

Sasa njoo uone werevu wa mama yako. Huku nazuia simu za watu, mfukoni nnayo yangu, na ndani ya yangu nimefungua ukurasa wa hina. Kwanza nikatia mikono. Mikono ikapendwa. Nikatia mikono yako, kwa sababu una vidole virefu vya baba yako na piko, ile rangi yetu nyeusi, inakaa juu yake kama imezaliwa hapo. Ikapendwa zaidi. Nikatia uso wako wa Idi. Nikakutia na sare, umeshika zawadi ya skuli. Nikakutia unatoka chuo cha Kurani kwa Maalim na juzuu yako kifuani, mlango wetu uko nyuma. Ulipoanguka ukachubuka goti nilitia goti, na maneno chini yake kwamba Arafa wangu analia lakini bakuli la urojo likifika ananyamaza. Watu wakacheka, wakakuombea. Kila usiponiona nilikuwa nahesabu nyoyo nyekundu. Nikafungua na kundi la wateja, na kila namba iliyoomba kuingia niliiingiza. Mlango wa ukumbi nimeukaba, mlango wa mtoto wangu nimeutia jiwe usijifunge.

Ndipo akaja huyo "Shamsa". Alikuwa kundini, anasifu kila picha. Akakuandikia weye kwenye ile simu kuukuu niliyokupa, namba yake imo kundini, akasema yeye ni mteja wangu wa Maskati, bi harusi mtarajiwa, anataka kumfanyia mama yako jambo la kumshtua kwa furaha, usimwambie. Alijua jina la skuli. Alijua saa ya chuo. Alijua goti, alijua urojo. Mtoto wa miaka kumi na nne afikiri nini? Kafikiri huyu ni mtu wetu. Akakuomba picha ya nywele zako zilivyosukwa kwenye harusi ya binamu yako, ati achague mitindo ya wasichana wake. Ukampa moja. Nywele wazi, gauni la kijani, unacheka. Kesho yake si Shamsa tena. Kesho yake ni mtu anayekwambia utoke peke yako Ijumaa, usiseme na mtu, ama picha itaonwa na mji mzima.

Ulikaa wiki tatu na jambo hilo, kila Ijumaa ukimpa udhuru ili asubiri. Wiki tatu, katika nyumba ya vyumba viwili, na mie mkusanya simu mashuhuri sikuona kitu. Niliona huli. Niliona chuoni huendi, unasema tumbo. Nikakuuliza mara moja, huku nakoroga piko, "Una nini?" ukajibu kwa sauti ile ya uzi, "Sina kitu, Mama." Nikasema basi.

Unajua nilidhani nini? Nilidhani hasad. Mtoto mzuri, wa kwanza darasani, na picha zake zinasifiwa, lazima kapigwa jicho. Nikakukokota kwa Maalim akuandikie kombe unywe. Maalim alichukua sahani, akatia zafarani, akatizama juu ya miwani yake.

"Bi Kazija, kombe ntaandika. Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini, Maalim? Mtoto atajua nini?"

"Atajua panapomuuma."

Niliona Maalim kazeeka. Ukanywa kombe lako, nikakurudisha nyumbani nikiwa nimetosheka. Na jicho lilikuwepo kweli, mwanangu. Mie ndiye niliyelitengezea kiti likae.

Hata hivyo neno la Maalim lilinitafuna, nikafika nyumbani nikafanya kinyume chake. Badala ya kukuuliza, nikaichukua simu yako ulipokwenda kuoga. Nikasoma. Hasira iliyonipanda nakumbuka mpaka leo ilianzia miguuni. Ulipotoka na taulo kichwani nilikupiga kofi kabla sijasema neno, na majirani wa nyumba tatu walijua sababu kabla yako. Kisha nikamuandikia huyo mtu. Matusi niliyomtukana, wallahi, ningeyatumia vyengine ningekuwa malenga. Nikamwambia nakujua, nakujia, utatapika maziwa ya mama yako. Nikaona nimempiga. Halafu, kwa kuwa niliahidi mbele ya wanawake wote wa Unguja, nikaitia simu kinuni, nikachukua mchi, nikaitwanga. Weye umesimama mlangoni pa jikoni unanitizama. Niliitwanga mpaka kioo kikawa kama chumvi.

Kabla ya Magharibi picha ilikuwa kundini. Kundi langu mwenyewe, mbele ya wateja wangu mwenyewe, na maneno machafu juu yake. Alikuwa akikutisha tu. Mie ndiye niliyemkasirisha.

Asubuhi tulikwenda polisi, kwenye dawati la watoto. Askari wa kike, kijana, mpole, akakupa maji mwanzo. Kisha akanigeukia. "Mama, hizo meseji alizomtumia ziko wapi?"

"Zilikuwa kwenye simu."

"Simu iko wapi?"

Nikaufungua mkoba, nikatoa mfuko wa nailoni wenye unga ule. Akautizama. "Mama," kasema taratibu, "ushahidi umeutwanga."

Akaomba aione simu yangu, akaufungua ukurasa wangu, akaanza kusoma kwa sauti, hana kejeli, anasoma tu kama mtu anayesoma orodha ya wagonjwa. Arafa wa kwanza darasani, na jina la skuli lipo kifuani. Arafa anatoka chuoni, saa kumi kama kawaida yake. Arafa na goti. Arafa na mlango wetu mpya, tumeupaka rangi ya buluu. "Mama, huyu mtu hakupeleleza chochote. Alisubiri, ukampa."

Namba aliyotilia picha kundini ilikuwa imeshazimwa, na mtu huyo hajapatikana mpaka leo. Sitakudanganya kwamba alipata malipo yake. Pengine yuko Maskati, pengine yuko nyuma ya soko la Darajani anauza mbatata. Simjui, na nshakubali kuwa simjui.

Jumamosi yake kulikuwa na harusi Malindi, na kila mtu alidhani siji. Nilikwenda. Nilivaa lile gauni la zari, nikajipaka udi mpaka kwenye kisigino, nikasimama mlangoni kwangu kama kawaida. Wakaanza kufika, wananiangalia kwa pembe ya jicho, minong'ono kama mafuta kwenye kikaango. Nikapaza sauti.

"Leo kabla hujanipa simu, ifungue! Picha mliyoletewa kundini ni ya mwanangu Arafa. Kafanyiwa vitisho na mwanaharamu asiyejulikana, na aliyemfungulia njia ni mie, kwa mikono hii mnayoisifu. Mtoto hana kosa. Mwenye picha aifute hapa mbele yangu. Asiyetaka, biriani ya leo ataisikia harufu tu."

Bi Mgeni wa Vuga, yule asiyekosa harusi wala asiyekosa neno, akapiga makofi. "Makubwa haya! Mlinzi wa simu za watu, na yake imemshinda!"

Kikapigwa kicheko.

"Imenishinda, Bi Mgeni. Nicheke, leo nimekupa ruhusa. Ukimaliza, futa."

"Na nisipofuta?"

"Hupiti. Na kuanzia leo hina yako utachorwa na mjukuu wako. Kazi yake nshaiona, kama kuku kapita kwenye tope."

Safari hii kicheko kikawa juu yake. Mama wa bi harusi akachungulia kutoka ndani, jasho linamtiririka. "Bi Mgeni, futa mama wewe, tupishane, mtoto anatoka!" Akafuta. Wakafuta. Walikuwa wengi kuliko nilivyoomba Mungu wawe. Mmoja, sitamtaja hata kwako, alipofuta alinishika kiganja akanambia kwa sauti ya chini, "Na wangu yalimpata, Bi Kazija. Sikumwambia mtu." Nikamuandikia nambari yake ukuchani huku sioni vizuri.

Nilirudi nyumbani nimejaa ushindi. Nikakusimulia yote, nikaigiza na sauti ya Bi Mgeni. Ulikuwa unakunja nguo za chuo. Ukasubiri nimalize, kisha ukasema, hukuinua hata sauti:

"Picha zangu ulizotia, hukuniuliza. Simu yangu umeitwanga, hukuniuliza. Na leo umelitaja jina langu ukumbini mbele ya watu wote, hukuniuliza."

Mwanangu, mie nimejibishana na polisi wa bandarini, na wakwe wa Ngazija, na mfanyabiashara wa Kihindi aliyeniuzia hina yenye mchanga. Jibu huwa ninalo kabla ya swali. Siku ile nilikaa chini nikakusaidia kukunja nguo, nazo nilizikunja vibaya, ukazikunja upya.

Baada ya hapo hatukufanya maajabu. Tulikaa na ukurasa wangu, weye ukachagua, ukawacha picha mbili tu, zote za mikono. Kundini nilitoa kila namba nisiyoujua uso wa mwenyewe, nikabaki na watu wachache, na kazi haikupungua. Ukanionesha mahali pa kufunga ili mgeni asione ndani. Na kila Ijumaa tukishakula tunaziweka simu mbili juu ya mkeka huu, yako na yangu. Yangu pia, hilo ulilishikilia weye. Na kila mmoja akiwa na kitu hataki kuonesha, anasema "hiki hapana", na mwenziwe anakunywa chai yake.

Ijumaa ya pili tu ukapiga ukelele. "Mama! Huyu babu wa Ngazija anakwita karafuu yake?"

"Ni mteja."

"Mteja wa hina? Mwanamme?"

"Ana dada zake."

"Mama, mfungie."

Nikamfungia. Roho iliniuma kidogo, sikufichi. Lakini nilijua siku ile namna inavyokuwa mtu kukutizamia mambo yako, hata anapokuwa anakupenda, hata anapokuwa na haki.

Halafu ulipofika kidato cha tatu, Jumanne, si Ijumaa hata, ulikuja jikoni nakaanga samaki. "Mama, usiseme kitu kwanza. Soma." Mtu amejidai mwanafunzi mwenzako, anataka picha, anataka kujua unakaa wapi. Hasira ikaja kutoka miguuni kama zamani. Nikaitia ncha ya kanga mdomoni nikaiuma, samaki wakaungua, na nikasoma mpaka mwisho. Hatukumjibu hata neno moja. Ukazipiga picha meseji zake zote, kesho yake tukampelekea askari wetu yule. Alizipokea, kisha akaniuliza, "Na kinu, mama?" Nikamwambia kinu siku hizi kinatwanga vitunguu thomu tu.

Basi tizama. Programu ya Ami yako ingeninasia meseji ile? Pengine ingeninasia. Lakini usingekuja jikoni.

Hili ndilo nililolijua mlangoni miaka yote bila ya kulielewa. Kila nilivyozidi kupekua vifua vya watu, ndivyo simu zilivyozidi kuingia kwenye mabirika. Mtu akijua anachunguliwa hujifunza kufunga kitu vizuri zaidi, basi. Ulipokuwa na miaka kumi na nne nilikuwa na wajibu wa kujua unaongea na nani, na wajibu huo niliuwacha nikawa nahesabu nyoyo nyekundu. Sasa una kumi na tisa, na jana Ami yako na mie tulikaribia kukutaka ulipe deni la uzembe wangu wa siku zile. Mie sikubali. Usidhani siogopi. Ninaogopa tangu ulipotaja Tanga, naogopa usingizini, naogopa hata nikicheka. Lakini woga ni wangu, nitaubeba mwenyewe. Sikutilii ndani ya simu yako ukaubeba weye.

Nilipokuwa katikati ya barua hii nimempigia Ami yako, sikutaka asikie kwa mwengine.

"Haji, programu sitii."

"Kazija, wewe uliyemuumiza ndiye leo unayejitia kujua?"

Lilinipata pale pale alipolilenga. "Ndiyo. Mie niliyemuumiza. Wewe ulisimuliwa, mie nilikuwepo. Na aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, haya, shtuka, una haki. Lakini usimfunge mtoto kamba kwa sababu ya ung'ongo."

"Basi mie sipandi boti."

"Usipande, shemegi. Boti itaelea hivyo hivyo."

Akakata. Usihuzunike. Kesho utamuona bandarini, amesimama mbali na watu, amenuna, na mfuko wa maandazi mkononi aliokununulia. Mwendee, mkono wake uubusu, usibishane naye. Kubishana ni kazi yangu, na mie naipenda.

Karatasi yako ya namba ya siri nimeichana bila ya kuifungua simu, na hilo lilikuwa jambo gumu kuliko kuchora bi harusi anayetetemeka mikono. Tiketi ya pili sikukata. Mie wa zamani ningekata, ningefunga mkoba, ningekungoja mlangoni nimevaa. Hivi sasa nakungoja urudi Mtoni nikuulize: unataka nikufikishe Tanga, au unataka kwenda mwenyewe? Ukisema twende, nnafunga mzigo kwa dakika mbili. Ukisema unataka kwenda mwenyewe, ntabaki gatini, na ntajitahidi nisikutie aibu, ingawa hilo sikuahidi kwa maandishi.

Huko uendako watakuja akina Shamsa wengine, na watakuwa wazuri kuliko yule wa kwanza. Pengine siku moja utamuamini mmoja wao, kwa sababu una moyo, na moyo huo hukuupata dukani. Siku hiyo usianze kutafuta maneno mazuri. Usikae wiki tatu. Piga simu, sema "Mama, nimefanya jambo," unyamaze. Sitauliza kwa nini kabla sijauliza uko wapi na umekula. Na ikiwa wakati huo nimemshika bi harusi, mkono mmoja umekamilika na wa pili bado mweupe, basi ataingia kwa mumewe vivyo hivyo, na mama yake apige kelele mpaka sauti imkauke. Mie nitakuwa nje ukumbini, kidole kimoja sikioni, nakusikiliza weye.

Mama yako,
Kazija